Mahasimu walivyoketi meza moja, CD ikazaliwa

UKICHUKUA sahani ya CD, iwe ya nyimbo za injili, ya taarabu au ya rumba, na kuitia katika mashine yoyote ya CD duniani, itaimba. Haijalishi kama sahani ilitengenezwa Ujerumani na mashine ikaundwa Japani, wala kama sahani ilinunuliwa mwaka wa 1985 na mashine mwaka wa 2005. Itaimba tu.

Huenda, msomaji, hulioni jambo hili kuwa la ajabu. Lakini hebu zikumbuke simu za mkononi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo nyumba yenye simu tatu ilikuwa na chaja tatu na hakuna iliyoingia katika simu ya mwenzake. Au waulize wazazi waliomiliki mashine za video katika miaka ya 1980. Mwenye mashine ya Betamax hakuweza kuazima kanda ya jirani mwenye VHS, hata wangekuwa marafiki wa kufa kuzikana, kwa sababu kanda hizo hazikulingana hata umbo. Sony ilikuwa imetoa Betamax mwaka wa 1975, kampuni ya JVC ikaijibu kwa VHS mwaka wa 1976, na Philips ya Uholanzi ikaja na kanda yake ya tatu mwaka wa 1979. Walioumia katika vita hivyo walikuwa wanunuzi.

Sasa lililo la kushangaza ni hili: katika kipindi hicho hicho cha uhasama, Philips na Sony ziliketi meza moja na kukubaliana kila kitu kuhusu sahani ya muziki, kuanzia upana wake hadi tundu lake la katikati. Mapatano hayo hayakuwa rahisi. Na ili kuyaelewa, ni lazima kwanza tuizungumzie kaseti.

Mbao mfukoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhandisi Mholanzi aitwaye Lou Ottens alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Philips mjini Hasselt, Ubelgiji. Huyu alizaliwa mwaka wa 1926, na alipokuwa kijana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiundia redio ili watu wa nyumbani kwao wasikilize matangazo ya serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, huku Wajerumani wakijitahidi kuyavuruga. Mashine za kunasia sauti za wakati ule zilitumia magurudumu makubwa ya utepe ambayo yalimtoa mtu jasho kuyafunga. Ottens alikata kipande cha mbao kilichoingia katika mfuko wa koti lake, akasema mashine anayoitaka isizidi ukubwa ule. Matokeo yake yalikuwa kaseti, iliyoonyeshwa kwa umma mjini Berlin mwezi Agosti 1963. Kile kipande cha mbao, ambacho leo kingekuwa katika jumba la makumbusho, kilipotea siku alipokitumia kuegemeza jeki akibadilisha gurudumu la gari.

Philips ilitaka kampuni nyingine ziitumie kaseti hiyo, lakini zilipe. Huko Tokyo ilikutana na mtu mgumu, Norio Ohga wa Sony. Ohga hakuwa mhandisi. Alikuwa mwimbaji aliyesomea uimbaji mjini Berlin, na alijulikana na Sony kwa sababu, akiwa bado mwanafunzi, aliwaandikia kulalamika jinsi mashine yao ya kunasia sauti ilivyokuwa mbovu. Badala ya kukasirika, wenye kampuni walimvuta hadi wakamwajiri. (Ni malalamiko machache, kwa kweli, yaliyowahi kulipwa vizuri kiasi hicho.) Ohga alikataa ada ya kwanza, akakataa na ile iliyopunguzwa, na hatimaye Philips ikakubali kutoa haki ya kutengeneza kaseti bila malipo, kwa kila mtu, mradi asibadilishe vipimo.

Ndiyo sababu kaseti ilienea hadi ikafika kwa kila muuzaji wa muziki katika River Road na kila matatu. Hapakuwa na kaseti ya Sony na kaseti ya Philips. Ilikuwa kaseti tu.

Hata hivyo, kaseti ilikuwa na ila zake, na waliokulia miaka hiyo hawana haja ya kukumbushwa. Kulikuwa na ule mvumo wa chini kwa chini hata wimbo ukinyamaza. Kulikuwa na siku ambayo redio iliutafuna utepe, nawe ukakaa na penseli ukiuzungusha taratibu urudi ndani. Santuri nayo ilikuwa na sauti nzuri ilipokuwa mpya, lakini sindano iliyoisoma ndiyo hiyo hiyo iliyoila. Kila ulipoupenda wimbo na kuurudia, uliuua kidogo.

Mwanga badala ya sindano

Mtu mmoja aliyekerwa na jambo hilo alikuwa Mmarekani James Russell, mwanafizikia wa maabara ya Battelle mjini Richland, jimbo la Washington. Alipenda muziki kiasi cha kujaribu kutumia mwiba wa dungusi kakati mahali pa sindano ya chuma ili santuri zake zidumu. Baadaye akawaza: kwa nini santuri iguswe kabisa? Kwa nini isisomwe kwa mwanga? Mwaka wa 1970 alipewa nchini Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kuhifadhi sauti kwa tarakimu na kuisoma kwa mwanga. Ukitaka kubishana na mtu kuhusu ni nani hasa aliyevumbua CD, hapo ndipo pa kuanzia, maana wapo wanaosema Russell alinyang'anywa sifa zake. Kwa maoni yangu anastahili kutajwa kila mara habari hii inaposimuliwa. Lakini kutoka katika wazo hadi kwenye sahani ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinunua dukani ni safari nyingine, na waliotembea safari hiyo ni watu wa Eindhoven na Tokyo.

Eindhoven ndiko yalikokuwa makao ya Philips. Tangu mwaka wa 1969 watafiti wake walikuwa wakitengeneza sahani kubwa, ya upana wa sentimita 30, iliyohifadhi picha za filamu na kusomwa kwa leza. Sahani hiyo iliingia madukani mjini Atlanta, Marekani, Desemba 1978. Picha zilikuwa safi, lakini mnunuzi hakuweza kunasia kipindi cha televisheni kama alivyofanya kwa kanda ya video, na watu wengi hawakuona sababu ya kuinunua.

Ottens, ambaye wakati huo alikuwa amepanda cheo upande wa vyombo vya muziki, aliitazama sahani ile akaona kitu kingine. Kama leza inaweza kusoma filamu nzima, basi sahani ndogo sana ingetosha muziki wa saa moja. Mwanzoni watu wake walijaribu kuihifadhi sauti kama ilivyo, kwa mawimbi, namna ya santuri. Hawakufaulu. Kila chembe ya vumbi ilisikika. Ndipo walipogeukia tarakimu.

Japani nako kulikuwa na mtu aliyefika huko mapema zaidi. Heitaro Nakajima alikuwa ametengeneza mashine ya kunasia sauti kwa tarakimu mwaka wa 1967 akiwa na shirika la utangazaji la NHK, kabla ya kuhamia Sony mwaka wa 1971. Vijana wake walipomwonyesha Ohga sahani yao ya kwanza ya tarakimu, ilikuwa na ukubwa wa santuri na ilibeba muziki wa zaidi ya saa 13. Walitarajia pongezi. Ohga aliwakemea: ni nani angeweza kulipa gharama ya kurekodi saa 13 za muziki kwa ajili ya sahani moja?

Tarakimu zinavyoimba

Hapa, msomaji, tusimame kidogo tuone mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana wengi wetu tumeitumia bila kuijua.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili kuigeuza kuwa tarakimu, mtambo huupima mtikisiko huo mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Kwa nini mara nyingi hivyo? Sikio la binadamu kijana husikia mitikisiko ya hadi 20,000 kwa sekunde, na hesabu zinaonyesha kwamba ni lazima upime zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho ili usipoteze kitu. Zile 4,100 za ziada zinatokana na jambo la kawaida kabisa: wakati huo tarakimu za muziki zilihifadhiwa katika kanda za video, na idadi hiyo ndiyo iliyogawanyika sawasawa katika mistari ya picha, kwa mitambo ya Ulaya na ya Marekani na Japani pia.

Kila nambari huandikwa kwa sifuri na moja kumi na sita, yaani biti 16. Kuna spika ya kushoto na ya kulia. Zidisha zote, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde moja ya muziki. Biti hizi huandikwa juu ya sahani kama vishimo vidogo vilivyopangwa katika njia moja inayojizungusha kuanzia ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Njia hiyo ni nyembamba kiasi kwamba zaidi ya 30 hutoshea katika unene wa unywele mmoja. Ungeweza kuinyosha, ingekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita tano. Ungeianzisha Kencom, katikati ya jiji la Nairobi, ungefika nayo Westlands na bado ungebaki na kipande mkononi.

Chini ya sahani kuna leza dhaifu ambayo macho hayaioni. Mwale wake ukigonga mahali laini hurudi na nguvu zake. Ukigonga kishimo, mwanga unaorudi hufifia. Wengi hudhani kishimo ni moja na palipo laini ni sifuri. Sivyo. Mpaka, yaani kishimo kinapoanza au kinapokwisha, ndio moja, na sehemu iliyo kati ya mipaka, iwe ndani ya kishimo au nje, ni sifuri. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya mashine huzikusanya alama hizi, huzirudisha kuwa nambari, na nambari hugeuzwa kuwa umeme unaotikisa spika. Sahani huzunguka upesi, kiasi cha mara 500 kwa dakika, leza inapokuwa karibu na katikati, na hupunguza mwendo hadi kama mara 200 inapofika ukingoni, ili vishimo vipite mbele ya leza kwa kasi ile ile.

Na vumbi je? Vishimo haviko juu ya sahani unapoipapasa. Vimefunikwa na plastiki ngumu ya unene wa zaidi kidogo ya milimita moja, na mwale wa leza hukusanyika kuwa nukta pale chini tu, kwenye vishimo. Juu ya plastiki bado ni mpana. Kwa hiyo chembe ya vumbi huonekana na leza kama unavyoyaona matone ya matope kwenye kioo cha matatu huku macho yako yakitazama barabara: yapo, lakini hayakuzuii kuona.

Mkwaruzo mkubwa zaidi unashughulikiwa na hesabu. Mwaka wa 1960 Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, walibuni namna ya kuongeza nambari za ziada ambazo humwezesha msomaji kugundua na kurekebisha zilizoharibika. Hesabu zao zimetumika hata kuleta picha kutoka kwa vyombo vya angani vya Voyager. Sony iliziingiza katika sahani, na nambari za muziki zikatawanywa ili zilizo jirani katika wimbo zisiwe jirani juu ya plastiki. Mahali pakiharibika urefu wa milimita mbili na nusu katika njia ile, mashine hujaza pengo bila wewe kujua.

Kutokana na hayo utaona kwa nini sahani hufutwa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaoikata njia huumiza kila mzunguko kidogo tu. Unaofuata njia huharibu biti nyingi kwa mfululizo, hadi hesabu zishindwe. Utaona pia kwa nini mkwaruzo wa upande wenye maandishi ni mbaya zaidi ya ule wa upande unaong'aa. Utando wa madini unaorudisha mwanga uko juu kabisa, chini ya rangi tu. Wengi wetu tumekuwa tukilinda upande usiostahili.

Eindhoven hadi Tokyo

Machi 8, 1979, Philips iliwaita waandishi wa habari Eindhoven na kuwachezea muziki kutoka kwa sahani yenye upana wa sentimita 11.5, kipimo kilichokaribia urefu wa kaseti ukiipima kutoka pembe hadi pembe. Ottens alitaka mashine yake itoshee katika gari mahali pa redio ya kaseti.

Mwezi huo huo ujumbe wa Philips ulipanda ndege kwenda Japani. Walijua hawawezi kushinda peke yao. JVC ilikuwa na sahani yake, Telefunken ya Ujerumani ilikuwa na yake, na kumbukumbu ya vita vya kanda za video ilikuwa bado mbichi. Walitembelea kampuni kadhaa. Iliyokubali kushirikiana nao ilikuwa Sony, ambayo Ohga alikuwa amekuwa miongoni mwa vigogo wake.

Kuanzia Agosti 1979 hadi Juni 1980 wahandisi wa pande zote mbili walikutana, mara Eindhoven mara Tokyo. Walikuwa wamekubaliana kuelewana, lakini kila jambo lilikuwa na mvutano. Philips ilikuwa tayari na chipu ya biti 14 na ilitaka hizo. Sony ilisisitiza biti 16. Tofauti inaonekana ndogo, lakini biti 14 hutoa ngazi 16,384 za kupimia sauti, na biti 16 hutoa ngazi 65,536. Sony ilishinda. Wadachi nao hawakuzitupa chipu zao. Walibuni ujanja wa kuzifanyisha kazi mara nne kwa kasi ili zifikie ubora wa biti 16, na wapo wapenzi wa muziki waliozisifu mashine hizo za kwanza za Philips kuliko za washindani wake.

Upande wa kuandika alama juu ya sahani, njia iliyochaguliwa ilikuwa ya kijana wa Philips, Kees Immink. Njia yake huzibadilisha biti nane kuwa 14 kabla ya kuziandika, ili vishimo visiwe vifupi mno wala virefu mno kwa leza kuvifuata.

Mvutano ulio maarufu zaidi ni wa ukubwa. Sony ilitaka sentimita 12 badala ya 11.5. Kisa kinachosimuliwa kila mahali ni kwamba Ohga, kwa kuwa alikuwa mwanamuziki, alitaka Simfonia ya Tisa ya Beethoven itoshee yote katika sahani moja, na rekodi ndefu kuliko zote, iliyonaswa Bayreuth mwaka wa 1951, ilichukua dakika 74. Kisa kitamu, na Sony yenyewe husimulia kwamba Ohga aliitaja simfonia hiyo. Lakini Immink, aliyekuwapo, ameandika kuwa sababu ilikuwa ya kibiashara. Kampuni ya PolyGram, ambayo Philips ilikuwa mmoja wa wenyewe, ilikuwa imeanza kuandaa kiwanda karibu na Hannover kwa ajili ya sahani za sentimita 11.5. Sony haikuwa na kiwanda bado. Kwa kuongeza nusu sentimita tu, Philips ilirudishwa mwanzo wa mbio pamoja na Sony. Isitoshe, kanda za video zilizotumiwa kuandalia sahani hizo hazikubeba zaidi ya dakika 72, kwa hiyo rekodi ile ya Bayreuth isingeingia hata kama wangetaka. Mimi naona Immink anasema kweli, ingawa si ajabu kwamba ulimwengu unampenda zaidi Beethoven.

Tundu la katikati halikuleta ugomvi. Lina milimita 15, sawa na sarafu ya senti kumi ya Uholanzi ya wakati huo.

Vipimo vyote vikaandikwa katika kitabu chenye jalada jekundu, kikaitwa Kitabu Chekundu. Kampuni yoyote iliyolipia leseni iliruhusiwa kutengeneza. Matsushita, iliyokuwa imejitenga, ilijiunga.

Waliobaki kushawishiwa ni wenye kampuni za muziki, na hao walikuwa wabishi. Walikuwa wametumia fedha nyingi katika viwanda vya santuri vilivyokuwa vikileta faida. Tena walikuwa na hofu nyingine ambayo wakati ule ilionekana kama kisingizio tu: kwamba kumpa mteja sahani yenye tarakimu zile zile za studio ni kumkabidhi ufunguo wa ghala. Bahati ya Philips na Sony ni kwamba kila moja ilikuwa na kampuni ya muziki nyumbani, PolyGram kwa Philips na CBS/Sony kwa Sony. Aidha, walimpata Herbert von Karajan, kiongozi wa okestra aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Ulaya. Aprili 1981 alikaa mbele ya waandishi mjini Salzburg na kuisifu sahani hiyo kwa nguvu zote.

Agosti 17, 1982, kiwanda kile karibu na Hannover kilianza kutoa sahani za kuuza. Ya kwanza ilikuwa albamu ya kundi la ABBA la Sweden. Oktoba 1, 1982, mashine ya Sony, CDP-101, iliingia madukani Japani kwa bei ya yen 168,000, zaidi ya dola 600 za Marekani kwa kiwango cha siku hizo, pamoja na albamu 50, ikiwemo ya Mmarekani Billy Joel. Jina lake lilikuwa na mzaha ndani: 101 katika hesabu za sifuri na moja ni tano, na aliyelibuni aliiona mashine hiyo kuwa ya daraja la kati. Mashine ya Philips, CD100, ilifuata na kuingia Ulaya mwaka wa 1983, ikiwa na kifuniko kinachofunguka juu.

Kwa bei hizo ilikuwa anasa ya wenye nacho. Kilichobadilisha mambo ni kipande kingine cha mbao. Huko Sony mkuu wa idara, Kozo Ohsone, alikata mbao ya ukubwa wa makasha manne ya CD yaliyopangwa pamoja, akawaambia wahandisi waingize mashine nzima humo. Hawakuruhusiwa kuuliza kwa nini iwe ndogo vile. Mwezi Novemba 1984 ikatoka D-50, kwa yen 49,800, chini ya theluthi ya bei ya ile ya kwanza. Mwaka wa 1985 albamu ya kundi la Dire Straits la Uingereza ikawa ya kwanza kuuza nakala milioni moja za CD. Kufikia 1988 CD zilikuwa zimezipita santuri katika mauzo ya Marekani.

Hapa Kenya kaseti haikukubali kung'oka upesi. Sahani ilikuja kuingia katika nyumba nyingi kwa jina la VCD, mtoto wa CD aliyezaliwa mwaka wa 1993 kwa mapatano mengine ya Philips, Sony, Matsushita na JVC. Kama ulishangaa kwa nini filamu kutoka Nigeria ilikuja kwa sahani mbili, na kwa nini ilikatika pale pale mambo yalipopamba moto, sasa unajua: ni zile dakika 74 za mwaka wa 1980.

Na ile hofu ya wenye kampuni za muziki? Ilitimia kama walivyosema. Sahani za kujirekodia, zilizokubaliwa mwaka wa 1988, zilikuwa ghali mwanzoni, kisha zikawa za bei ya mkate, na kila mwenye kompyuta akawa na kiwanda mezani. Halafu watafiti wa Ujerumani wakabuni MP3, namna ya kuzibana tarakimu za CD hadi zikatoshea kupita katika laini ya simu, na mwaka wa 1999 mtandao wa Napster ukawafungulia watu mlango wa kugawana nyimbo bure. Mwaka wa 2000 CD zaidi ya milioni 940 zilipelekwa sokoni Marekani. Idadi hiyo haikufikiwa tena.

Ohga alifariki Aprili 2011. Ottens alifariki Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza tangu 1987, Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko CD: santuri milioni 41, CD milioni 33. Zinasomwa kwa sindano.